Silverado 2500HD ya 2003: nitoe 6.0 niweke bigi bloku? 454 au 8.1?

mzigo_dallas

Wakuu habari za majukumu. Nipo Dallas hapa Texas mwaka wa saba sasa, nina pikapu Silverado 2500HD ya 2003, injini 6.0 ile wanaita LQ4, gia boksi 4L80E, difu 3.73 (yaani shafti inazunguka mara 3.73 tairi likizunguka mara moja), inasukuma nyuma tu siyo 4x4. Imeshatembea maili 287,000. Bodi safi, chesisi haina hata doa la kutu, na hii ndiyo gari iliyonilisha tangu nimefika huku kwa hiyo naomba msikimbilie kuniambia uza nunua nyingine.

Kazi yangu ni kubeba magari. Natoa minadani napeleka bandari ya Houston, yanapakiwa kwenda kwa wateja wa Bujumbura na Goma kwa sababu kule wanaendesha upande wa kulia kama huku, usukani hausumbui. Dallas Houston ni tambarare, gari haijawahi kunilalamikia. Shida imeanza mwaka huu nilivyopata mteja wa Denver. Napita Amarillo halafu napanda Raton Pass pale New Mexico inapopakana na Colorado, na tela la magari mawili. Tela tupu paundi 4,000, magari weka 7,000, jumla 11,000. Pale mlimani inashuka gia ya pili, mwendo unaisha mpaka maili 35, malori yananipita, mshale wa temperecha unapanda, mimi nimeshika usukani nasali tu.

Na sasa asubuhi ikiwa baridi imeanza kugonga, tena ikishapata moto kwenye foleni presha ya oil inashuka. Nikasema kama injini inakufa basi bora niweke kubwa kabisa. Hizi bigi bloku ni zile V8 kubwa za Chevrolet, 454 ni ukubwa kwa inchi za ujazo, 8.1 ni kwa lita. Kuna jamaa ana 454 ya 1998 ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka, anataka dola 900 na waya zake. Mwingine kaniambia achana na 454 tafuta 8.1. Wenye uzoefu naombeni msaada kabla sijatoa hela.

fundi_pwani

Mzigo salaam. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafungua injini hapa Houston miaka kumi na kitu sasa na hizi pikapu za GM ndizo zinanipa riziki, kwa hiyo nitaandika refu kidogo univumilie.

Hiyo 454 iache. Ya 1998 ni ile Vortec 7400, kiwandani ilitoka na hosipawa 290 na toki (nguvu ya kuzungusha) 410. Hiyo 6.0 yako ilitoka na hosipawa 300 na toki 360. Yaani utahangaika wiki tatu, utatengeneza maunti (vishikizo vya injini), utaunganisha waya za kizazi kingine, halafu hosipawa zimepungua kumi. Toki utaipata kweli, ukitoka kwenye taa za barabarani utaisikia mgongoni, ila mlima mrefu kama Raton unapandwa na hosipawa ndugu yangu, toki ya kuanzia haikusaidii ukiwa maili 45 na mlima bado mrefu.

Tena kuna sheria. Huku Marekani injini unayoweka lazima iwe ya mwaka ule ule wa gari au mpya zaidi, na ije na vifaa vyake vyote vya moshi. Gari yako 2003, injini 1998, tayari umekosea kabla hujafungua boliti moja. Kaunti ya Dallas bado wanapima moshi, watachomeka mashine yao na kompyuta haitasoma vile wanavyotaka.

8.1 ni habari nyingine. Ni 496 kwa hesabu ya inchi, bloku ya chuma hedi za chuma, pikapu za 2001 ilitoka na 340 na toki 455. Silinda ina upana ule ule wa 454, ila krankishafti inatupa pistoni mbali zaidi, ndiyo maana ile toki inakuja chini kabisa. Watu hudhani ni 454 iliyotanuliwa wakanunua hedi za zamani waje wafunge, hazikubali, njia za hewa ni tofauti na boliti ni za milimita. Ukiipata ichukue yote mzima: waya, kompyuta, koili nane, maunti, rejeta, pampu ya mafuta, bomba za ekzosi mpaka kwenye katalaiza. Kipande kimoja ukikiacha kwenye yadi ya skrepa utakirudia kwa bei ya mara tatu. Na za mwanzo mwanzo zilijulikana kwa kula oil, ringi za pistoni, kwa hiyo ukipata ya 2003 kuja juu utalala vizuri zaidi.

Jambo moja wengi hawajui. Suburban 2500 na Yukon XL 2500, zile gari kubwa za familia za GM, zilitoka kiwandani na 8.1 ikiwa na gia boksi ya ukoo huo huo wa 4L80E uliyo nayo. Kwa hiyo usitafute pikapu yenye 8.1, kila mtu anaitafuta hiyo na bei imepanda. Tafuta Suburban iliyogongwa nyuma.

Sasa kabla ya yote hayo nijibu mambo mawili. Huko kugonga asubuhi kunaisha ikipata moto au kunaendelea? Na presha inashuka mpaka ngapi?

Baba_Minnesota

Wazee mimi ni mtu wa Ford, F-250 ya 2020 na ile 7.3 mpya, hosipawa 430 toki 475, bloku ya chuma, ya mtindo wa kizamani, kamshafti moja tu katikati na fimbo za kusukuma valvu. Navuta tela la vifaa vya ujenzi kila siku kwenye theluji hapa Minneapolis na naipenda kwa moyo wote. Ford wanaiuza pia ikiwa kwenye boksi kwa wanaotaka kuifunga kwenye gari nyingine, nimeona watu wanaifunga kwenye Ford za zamani zilizokuwa na 460. Kwenye Chevrolet lakini sikushauri, waya peke yake zitakumaliza. Wala usishawishike na V10 ile 6.8 ya miaka ya mwanzo ya valvu mbili, wanakuuzia bei rahisi kwa sababu nyuzi za kushika plagi ni fupi, plagi inaruka na koili yake.

Kwa nini usiweke dizeli ya Duramax tu umalize kazi?

fundi_pwani

@Baba_Minnesota dizeli ya miaka yake ni LB7, hosipawa 300 toki 520, na kwa sababu ina tabo (inasukumiwa hewa ndani) mlima haiusikii. Ila nozeli zake nane zimekaa ndani chini ya kava za valvu, zikianza kuvuja unafungua injini nusu. Halafu uhamishe na tangi, laini za mafuta, intakula, rejeta, gia boksi ya Allison yenye kompyuta yake peke yake, propela shafti ikatwe upya. Akitaka dizeli anunue gari iliyozaliwa dizeli.

mzigo_dallas

Asante sana fundi, umeniokoa na ile 454, nilikuwa nishamwambia jamaa Jumamosi nakuja.

Kugonga kunaisha. Dakika tano hivi ikipata moto iko kimya kabisa. Presha asubuhi 45, ikichemka kwenye foleni inasoma 15, siku moja ilisoma 10 taa ikawaka. Kuna gereji hapa niliwapelekea wakasema konrodi (fimbo ya pistoni) imekufa, injini ya kubadilisha, dola 6,500, na hawakufungua hata sampu (bakuli la oil chini ya injini) wakaangalia.

DadaTela

Kaka Mzigo pole. Mimi navuta tela la farasi na trekta ndogo kati ya Oklahoma na Colorado, nina Silverado 3500 ya 2005, 8.1 na Allison, niliinunua hivyo hivyo. Ngoja nikwambie upande ambao mafundi hawausemi.

Kwanza uzito. Gari yako ikiwa na wewe na mafuta na vifaa ni kama paundi 5,500 au zaidi, ongeza 11,000 za tela, umefika 16,500. 6.0 yenye difu 3.73 kiwandani walikadiria mzigo wote pamoja 14,000, yenye 4.10 wakaipa 16,000. Kwa hiyo umeshazidi, tena kwa difu uliyo nayo umezidi sana. Na ukiweka 8.1 makadirio hayabadiliki, stika ya mlangoni inabaki ile ile, breki ni zile zile, na siku ukisimamishwa kwenye mizani au likitokea la kutokea bima watasoma stika, hawatafungua boneti wakusifie injini. Mimi nimeshawahi kuona mtu analia pale mizani ya mpakani, sitaki uwe wewe.

Pili urefu wa mlima. Raton ni futi 7,834. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 kila futi elfu moja. Piga hesabu, 300 yako pale juu imebaki kama 230. Ile 340 ya 8.1 ya 2001 imebaki kama 260. Tofauti ni hosipawa 30 tu. Ninachokipenda kwenye gari yangu pale Raton ni ile Allison. 4L80E gia ya kwanza ni 2.48, ya pili 1.48, hapo katikati kuna shimo. Ukiwa maili 40 mlimani ya kwanza inapiga kelele kama inataka kupasuka na ya pili haina nguvu. Allison ina 1.81 na 1.41, kwa hiyo kila mwendo una gia yake. 8.1 ukiifunga na gia boksi yako utapata injini nzuri lakini lile shimo litakuwepo.

Na mafuta. Tupu barabara kuu napata maili 10 kwa galoni, na mzigo 7 au 8. Weka kwenye bei unayomtoza mteja wa Denver kabla hujanunua chochote.

fundi_pwani

Dada umesema kweli tupu, nakubali hapo kwenye gia nilipita haraka.

Sasa Mzigo sikia. Kugonga kunakoisha ikipata moto ni pistoni inacheza kwenye silinda ikiwa baridi, hizi injini zinajulikana kwa hilo, nimeona zikigonga hivyo zikatembea maili laki nzima juu yake. Konrodi ikifa inagonga zaidi ikiwa moto na ukiikanyaga. Presha kushuka, kitu cha kwanza nashuku ni oringi ya bomba la kunyonya oil chini kwenye sampu. Ni kidude cha mpira cha dola chache, kinakauka, pampu inanyonya hewa pamoja na oil. Shusha sampu, weka oringi mpya, na ukiwa humo ndani shika konrodi kwa mkono uone kama inacheza, angalia na chini ya sampu kama kuna unga wa shaba. Kama hakuna, basi injini yako bado iko hai na huyo wa 6,500 alitaka kukuuzia usichohitaji. Usisahau kupima presha kwa geji ya mkono, sensa za hizi gari hudanganya.

Halafu difu. Tafuta eksoli nzima ya 4.10 kwenye yadi, 2500HD za miaka hiyo ziko nyingi, na kwa vile yako haisukumi mbele unabadilisha moja tu basi. Toka 3.73 kwenda 4.10 ni kama asilimia 10 ya nguvu kwenye matairi bila kugusa injini. Ile gia ya pili kwenye maili 45 itazunguka kama 3,000 badala ya 2,700, na injini hii hosipawa zake ziko juu huko karibu 4,400, usiogope kuiacha ilie. Kompyuta iambiwe kuhusu difu mpya, la sivyo spidi itasoma uongo na gia zitabadilika pasipo mahali pake.

Mlimani ikichemka angalia feni klachi, ile inayoishika feni ya rejeta izunguke injini ikipata moto. Kwa maili hizo naamini imeshalala.

mzigo_dallas

Wakuu narudisha mrejesho, wiki tatu zimepita.

Nilishusha sampu mwenyewe na shemeji yangu pale uani, siku nzima, ilibidi tuinyanyue injini kidogo. Ile oringi ilikuwa ngumu kama plastiki, imepasuka vipande viwili mkononi mwangu. Konrodi zote nane nimezishika, hakuna inayocheza. Oil safi, sampu haina unga. Geji ya mkono ikiwa moto bila kukanyagwa sasa inasoma 32. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, sikuamini, maana nilikuwa nakaribia kukopa 6,500.

Feni klachi ilikuwa imekufa kweli kama ulivyosema, nikizungusha inakwenda yenyewe hata ikiwa moto. Nimeweka mpya. Boliti mbili za manifoldi ya ekzosi upande wa abiria kule nyuma zimekatika, hizo ndizo zilikuwa zinaongeza ule mlio wa asubuhi, nimezitoa kwa kuchomelea nati juu yake.

Eksoli ya 4.10 nimeipata Fort Worth kwa dola 550 na breki zake. Denver nimekwenda Alhamisi iliyopita, gari moja tu kwenye tela safari hii, nimemwambia mteja ukweli kuhusu uzito na tumeelewana bei mpya. Raton nimepanda maili 52 gia ya pili, injini inalia lakini mshale wa temperecha haukusogea. Kule juu nimepaki nikashuka nikaizunguka gari yote.

Magari mawili kwa mkupuo bado nayataka, mteja anayo. DadaTela hiyo 3500 yako ukiuza utauza lini, na ungetaka ngapi? Kama si mwaka huu naweza kusubiri.

DadaTela

Hongera kaka, nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Siiuzi mwaka huu. Lakini kuna mzee jirani ana 2500HD ya 2004 yenye 8.1 na Allison, anaivutia boti mara mbili kwa mwaka na sasa anasema macho hayamruhusu tena. Nitamuuliza Jumapili tukitoka kanisani, ila ukija uje na geji yako ya oil.