Feni ya choo inanguruma: kuifanyia sevisi, au kufunga ya ndani ya bomba?

MkaaziHurumzi
Assalaam aleikum. Feni ya kutolea hewa chooni, inchi 4, ya ukutani. Ukuta wa mawe na chokaa, unene kama sentimita 50. Inanguruma, na usiku kuna kitu kinagonga hata ikiwa imezimwa. Ushauri uliotolewa ni kufunga feni mpya ya ndani ya bomba. Kuna haja?

Fundi_Feni
Waaleikum salaam. Usitoe pesa bado. Izime huku unasikiliza. Mngurumo ukikatika papo hapo na mapanga bado yanazunguka, hilo ni la umeme. Mara nyingi imefungiwa swichi ya kupunguzia kasi, ile ya feni za juu. Weka swichi ya kawaida. Sauti ikififia pamoja na mapanga, ni uchafu au bushi, ile pete inayoshika shafti.

Kata umeme kwenye breka, usitegemee swichi. Chomoa mapanga, yaoshe kwa maji ya sabuni, yakauke khasa. Vumbi likiganda upande mmoja tu, feni inayumba. Kisha tikisa shafti: isipocheza, tia matone 2 ya mafuta ya cherehani kwenye bushi. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu usiitumie, inaosha mafuta yaliyobaki halafu inakauka. Ikicheza, bushi imelika na mafuta hayatafaa kitu.

Yenye beringi ni nafuu zaidi, unabadili. Soma namba ubavuni. 608, kwa mfano, ni tundu la milimita 8, upana 22, unene 7. Chukua 2RS yenye mpira pande mbili, si ZZ ya bati, maana chumvi ya bahari inapenya. Na usiuziwe kapasita: feni nyingi za ukubwa huo hazina.

Mpemba_Wete
Kinachogonga ikiwa imezimwa ni kipazia cha nje, kile kinachofunguka hewa ikitoka. Ukuta ukitazama kusini, ndiyo kusi hiyo inakipigapiga. Bandika utepe wa sponji wa milimita 3 pale kinapotua, ukihakikisha bado kinafunguka chote. Skrubu ziwe za stenlesi 316. Za kawaida zinakula kutu, kifuniko kinalegea, na kelele nyengine inaanza.

BombaNaHewa
Ya ndani ya bomba si mbaya, ila ina mahala pake. Feni ya mapanga ya kawaida haina nguvu ya kusukuma mbali: bomba likizidi mita 2 au 3 na kona mbili, inavuma na hewa haitoki. Hapo ya ndani ya bomba inashinda, ikining'inizwa kwa mpira. Ukiikaza kwenye boriti, boriti inageuka ngoma. Kwa nusu mita iliyonyooka, ni hasara tupu. Tena nyumba nyingi za Mji Mkongwe juu ni boriti na mawe, hakuna dari ya kuifichia, na kutoboa ukuta wa nje kunataka ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe.

MkaaziHurumzi
Ahsanteni. Sauti inafifia polepole, shafti haichezi. Ndani ya ukuta mna bomba la mkunjo, limejikunja katikati.

BombaNaHewa
Litoe, uiwashe bila bomba. Ikitulia, weka bomba gumu la plastiki la milimita 110, mwinamo kidogo kuelekea nje ili maji ya mvuke yasirudi kwenye mota. Ziba mwanya baina ya feni na bomba.

Fundi_Feni
Na mlango wa choo uache uwazi wa milimita 10 chini. Hewa isipoingia, hata feni mpya itanguruma.