Walimu wa Kiingereza nyanda za juu, tubadilishane rekodi za sauti?

Mwalimu wa Tukuyu:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Darasani tunazungumza, nyumbani wanasikiliza sauti ninazorekodi kwa simu. Lakini simu ni ya mzazi, na mzazi yuko kwenye mashamba ya chai hadi jioni. Nanyi mnaijua mvua ya huku: ikipiga bati, rekodi haisikiki. Mnafanyaje? Nina mazoezi ya kutofautisha r na l, maana Kinyakyusa hakina r. Nitayatoa kwa moyo mmoja.

Mama Mafinga:
Marahaba mwanangu. Rekodi isizidi dakika mbili. Mimi nimeweka Kolibri, programu ya masomo, kwenye kompyuta ya shule; haihitaji intaneti, wanasikiliza kwa zamu baada ya vipindi. Hayo ya r na l nayataka, wangu nao wanahangaika.

Makete juu:
Memori kadi, ndugu. Kila Ijumaa nawanakilia.

Mwalimu wa Tukuyu:
Asanteni sana. Mama, nakutumia usiku huu. Yasikilize kwanza wewe, unikosoe matamshi yangu kabla hayajawafikia watoto.