Naomba ushauri: nimeonywa kanisani, moyo umegoma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naishi Kimara, Dar es Salaam, naimba kwaya, sauti ya tatu. Wiki tatu mfululizo nimechelewa mazoezi nikisingizia foleni ya mabasi ya mwendokasi, kumbe nakesha na simu mkononi hadi saa nane usiku, kesho yake sijiwezi. Mzee wa kanisa aliniita pembeni, chini ya mwembe, akaniambia taratibu: "Mwanangu, si foleni. Ni wewe." Alisema kweli, ndiyo maana iliniuma. Tangu hapo namkwepa hata salamu. Waebrania 12:11 naijua, kwamba kurudiwa, yaani kuonywa na kurekebishwa, huleta huzuni kwanza, amani baadaye. Mimi bado nipo kwenye huzuni. Nianzeje kumwomba radhi? Na mlioshinda simu za usiku, mlifanyaje?