Ushauri jamani: anime gani nitazame na baba yangu wa miaka 67?

Kifunguamimba, Umoja

Hamjambo wapenzi wa anime, hizi katuni za Kijapani. Nimekuwa nikiwasoma kimyakimya kwa muda mrefu, lakini leo nina jambo na sijui nimuulize nani mwingine.

Baba amekuwa kwangu hapa Umoja tangu Januari. Alifanyiwa upasuaji wa goti na daktari amemkataza kurudi shambani Ol Kalou mpaka mguu upate nguvu. Ni mtu aliyeendesha mabasi ya Nairobi na Kisumu karibu miaka 30, hajazoea kukaa kitako. Nikitoka kazini tunakula, tunatazama habari, habari zikiisha kimya kinaingia. Mama alitutoka 2019, na yeye ndiye aliyekuwa na maneno katika nyumba yetu. Sisi wawili hatukuwahi kujifunza kupiga gumzo bila yeye.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote jioni ni anime, na ningependa sana akipende pamoja nami. Yeye anasema ni katuni za watoto. Nimejaribu mara mbili. Kwanza nilimwekea Attack on Titan, kwa kuwa ndiyo iliyoninasa mimi. Episodi ya kwanza haijaisha, mamake Eren, yule mhusika mkuu, analiwa na jitu, baba akachukua mkongojo wake akasimama. "Maitu, hiki si kitu cha kutazamwa na mtu ametoka kula." Huniita maitu, yaani mama kwa Gikuyu, kwa sababu nimepewa jina la mamake.

Mara ya pili, One Piece. Luffy, shujaa wake, alimchekesha, nikaona sasa mambo yamekaa sawa. Kisha akauliza episodi ziko ngapi. Nikamwambia ilianza 1999, zimepita 1,100 na bado zinatoka. Akanyamaza kidogo. "Na mimi nina miaka 67."

Naomba mnichagulie moja. Iwe na mwisho, isiwe ya damu nyingi. Kiingereza anakielewa vizuri akikisikia, lakini maandishi ya chini yanapita kabla hajamaliza mstari.

Alkemia_Bora

Dada, mimi sizunguki mbuyu: Fullmetal Alchemist: Brotherhood. Episodi 64, ilianza 2009 ikaisha 2010, na kila jambo lililoanzishwa linakuja kufungwa. Hakuna episodi za kujazia kama zile za Naruto. Usianze na ile ya 2003, maana hiyo ilitengenezwa manga (kitabu cha katuni) ya Hiromu Arakawa ikiwa bado inaandikwa, ikabidi wajitafutie mwisho wao. Ina uzuri wake, lakini kwa mtu mgeni itakuwa kumchanganya. Halafu sauti za Kiingereza ziliwekwa kwa ustadi, mzee hatasoma chochote.

Mama_Wawili

Alkemia, hiyo hadithi naipenda, nimeitazama mara tatu. Lakini rudi usome alichoandika dada kuhusu mamake. Hadithi inaanza na watoto wawili wanaojaribu kumrudisha mama yao aliyekufa, na tunaonyeshwa kile walichokipata. Mimi ni mjane. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilizima simu nikakaa gizani, nikarudi kuitazama baada ya mwaka na nusu. Sisemi mzee asiitazame kamwe. Nasema isiwe ndiyo ya kwanza, tena jioni, tena akiwa ameketi pale ambapo mama angeketi.

Alkemia_Bora

Umesema kweli, mama. Sikuliona hilo. Dada, pole sana, naiondoa kwa sasa.

Msomi_wa_Rongai

Kama shida ni urefu, mbona tusiseme filamu? Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, 1988, haifiki hata saa moja na nusu. Hakuna mtu mzima atakayeiona akasema anime ni ya watoto. Ndugu wawili, Seita na Setsuko, vita vinawakuta Kobe, mama anakufa, njaa inaingia. Hakuna adui wa kupigana naye. Ni hesabu tu ya chakula kinachopungua siku baada ya siku.

Fundi_Kariobangi

Hiyo niliitazama na mama yangu, Msomi, na ninataka kueleza kilichotokea ili dada aamue mwenyewe.

Kuna lile kopo la peremende ambalo Setsuko hulibeba kila mahali. Zinapoisha, Seita anatia maji ndani, analitikisa, anampa mdogo wake anywe ule utamu uliobaki. Mama alikuwa akichambua sukuma wiki. Kisu kikasimama. Akaanza kunieleza habari za 1984, mvua zilipokosekana na nchi ikala mahindi ya manjano kutoka nje, na jinsi bibi yetu alivyokuwa akisuuza sufuria ya uji na kuwapa wadogo yale maji. Nina miaka 34 na sikuwahi kusikia hayo. Filamu iliisha, hakuna aliyekuwa akiitazama.

Kwa hivyo ni nzuri? Ndiyo, kwangu ni bora kuliko zote nilizowahi kuona. Lakini mama hakulala usiku ule. Mzee aliyetoka hospitali juzi, mimi ningesubiri.

Mwewe_South_B

Death Note. Episodi 37 tu, na ni mchezo wa akili mtupu kati ya yule kijana na mpelelezi. Mzee yeyote anayependa habari za mahakama atashikwa.

Mama_Wawili

Nusu ya kwanza nakubaliana nawe kabisa. Nusu ya pili inachechemea, na kumaliza na mtu kitu kinachochechemea kunachosha.

Kifunguamimba, Umoja

Nawashukuru sana. Fundi, nimesoma habari ya mamako mara mbili. Hilo kopo la peremende ninalikumbuka.

Nimeulizwa faraghani kama si afadhali nimwekee maandishi ya chini makubwa. Nimejaribu leo, nimeongeza ukubwa wa herufi kwenye kompyuta mpaka yakajaa nusu ya kioo. Anasoma, lakini akisoma haangalii nyuso za watu, na mwisho anauliza ni nani amesema.

Kondakta_Mstaafu

Binti yangu, mimi pia nina wajukuu wanaonionyesha hizi hadithi. Suluhisho ni wewe kumsomea kwa sauti. Hapa Nairobi tumekulia kwenye vibanda vya video tukimsikiliza DJ Afro akitueleza filamu nzima kwa Kiswahili, na hakuna aliyelalamika kwamba hasikii waigizaji. Soma kwa lugha yenu ya nyumbani. Usimwige mtu, soma tu kama unayempa habari. Mjukuu wangu hunisomea hivyo, na siku hizi nikisikia sauti yake jikoni ninajua kama ana furaha au hana.

Mpiga_Spaiki

Haikyu!! Ni voliboli, na sisi ni nchi ya voliboli. Nani hapa hakutazama Malkia Strikers wakicheza na Japani Tokyo mwaka 2021? Tulifungwa seti tatu bila jibu, lakini ukitazama Haikyu!! unaelewa kwa nini wale dada wa Japani walikuwa wanaokota kila mpira. Hinata, shujaa wake, ni mfupi na anaruka. Episodi 85 kwa misimu minne, kisha filamu. Ni ndefu kidogo, lakini hakuna anayeliwa.

Mbio_za_Ngong

Naona tumemtajia dada tunavyovipenda sisi. Dada, mzee mwenyewe anapenda nini? Acha anime kando. Akiwa peke yake na redio, anatafuta nini?

Kifunguamimba, Umoja

Siasa hapendi. Mpira kidogo. Riadha ndiyo. Alikimbia mbio za nyika akiwa shuleni na bado ana kiatu kimoja cha misumari nyumbani Ol Kalou, sijui cha pili kilienda wapi. Marathoni hata ikiwa saa tisa za usiku ataamka. Siku Samuel Wanjiru aliposhinda Beijing 2008, kwa saa 2:06:32, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, baba alisimamisha basi kando ya barabara ili abiria wote wasikie redio. Kwake Wanjiru ni mtoto wa nyumbani, Nyahururu na kwetu ni pua na mdomo.

Mbio_za_Ngong

Basi umemaliza kazi mwenyewe. Run with the Wind.

Ni ya 2018 hadi 2019, episodi 23, na imefika mwisho wake. Vijana kumi wanaishi katika nyumba kuukuu ya kupanga karibu na chuo. Mmoja wao, Haiji, ndiye anayewapikia. Siku moja anawaambia kwamba sisi kumi tutakimbia Hakone Ekiden. Wengi wao hawajakimbia maishani. Mmoja ni mvutaji sigara, mwingine ni mtu wa kusoma manga ambaye akikimbia unamwonea huruma kabisa.

Hakone Ekiden yenyewe ni mbio za kweli za kupokezana, zilianza 1920. Hukimbiwa tarehe 2 na 3 Januari, kutoka Tokyo hadi mlimani Hakone na kurudi, kama kilomita 217, wakimbiaji kumi kwa kila chuo. Hawapokezani kijiti, wanapokezana utepe wa kitambaa unaovaliwa begani. Ukichelewa mno nyuma ya wanaoongoza, mwenzako wa mbele anaamrishwa aondoke na utepe mwingine, na wako unabaki mkononi mwako. Nimeona wanaume wazima wakilia kwa ajili ya kile kitambaa.

Sasa mwambie mzee hivi: Wanjiru alipelekwa Japani akiwa mwanafunzi, akasoma sekondari Sendai na kukimbia ekiden za shule kule. Na Wakenya wamekuwa wakikimbia Hakone yenyewe tangu 1989. Hii ni hadithi ya ile barabara.

La mwisho, na hapa simwagi mtama: kati ya wale kumi kuna Mtanzania, anaitwa Musa. Kila mtu anadhani kwa kuwa ni Mwafrika lazima awe mkimbiaji. Si mkimbiaji. Alienda kusoma. Nimetazama anime miaka 15 na ni mara chache nimeona mtu wetu akichorwa kama mtu, mpole, anayekosea, anayechoka, mwenye marafiki. Na Haiji ana goti lililoumia zamani. Hilo mwache mzee aligundue mwenyewe.

Mpiga_Spaiki

Naondoa Haikyu!! kwa heshima. Hii ndiyo.

Mwewe_South_B

Polepole tu mwanzoni. Episodi nne tano za kwanza ni watu kubishana ndani ya nyumba. Mimi karibu niache.

Mbio_za_Ngong

Kweli, na sitaki kumficha. Lakini huko kubishana ndiko kunakokufanya uwajue. Zikifika mbio zenyewe, unajua kila mmoja amebeba nini kwenye ule utepe.

Kifunguamimba, Umoja

Siku tisa zimepita, nimerudi kuwapa habari.

Nilifuata pia ushauri wa Mzee Kondakta. Sauti za Kijapani nimeziacha zilivyo, mimi ninasoma maandishi kwa Gikuyu. Siku ya kwanza sauti ilinikauka nikiwa katikati, baba akaninyoshea kikombe chake cha chai bila kuondoa macho kwenye kioo.

Inaanza na kijana ameiba mkate dukani anakimbia usiku, na Haiji anamfuata kwa baiskeli akimuuliza kama anapenda kukimbia. Nilidhani baba ataulizia mkate. Akasema, "Tazama mabega yake. Yametulia. Huyo amefundishwa." Tukarudisha nyuma tukatazama mabega. Nimeiona mikimbio mingi ya anime maishani na sijawahi kutazama mabega.

Musa alipojitambulisha, nikamwambia baba huyu ni wa Tanzania. Akajisogeza mbele. Wenzake walipoanza kusema kwamba bila shaka anajua kukimbia, baba akapiga paja lake lile zima. Akasema kila mgeni aliyepanda basi lake, akisikia anatoka pande za Nyahururu, alimuuliza kama anakimbia. "Nilikuwa nakimbia, Maitu. Lakini hawakuwa wananiuliza mimi." Kisha akanieleza habari za kocha wao, na mwalimu aliyewabeba kwa lori hadi Nakuru, na mvulana mmoja aliyemshinda kila wiki. Habari hizi hata mama hakuwahi kunisimulia, sijui kama alizijua.

Mwewe, ulisema kweli kuhusu episodi za mwanzo, lakini yeye anazipenda hizo kuliko. Anapenda jinsi Haiji anavyopika.

Goti ameligundua. Hakusema neno. Yule anayemfanyisha mazoezi amemwagiza ainue mguu mara kumi, jioni mara tatu, na mpaka wiki iliyopita nilikuwa nikimkumbusha mpaka tunakasirikiana. Sasa wimbo wa mwisho ukianza anashika mkono wa kochi na kuinua. Wimbo haujaisha, zimefika kumi.

Tuko episodi ya tisa. Tafadhali msiniambie nani anakimbia ule mlima.

Mbio_za_Ngong

Hatusemi.

Fundi_Kariobangi

Dada, muulize kuhusu kile kiatu cha pili.

Kifunguamimba, Umoja

Nitamuuliza. Leo stima imepotea tangu saa moja, mtaa wote ni giza. Nimewasha mshumaa nikampelekea chakula, nikadhani atasema tulale mapema. Ameniuliza kompyuta imebaki na chaji ngapi.