Horus, Mithras na mchungaji wangu: mmenichosha wote kwa pamoja

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto. Wasimamizi nawaomba sana, msije mkaubeba huu mkauunganisha na ule wa Freemason na alama za kwenye noti ya dola. Hauhusiani.

Kisa chenyewe. Mpwa wangu yuko chuo mwaka wa pili. Desemba ya mwaka juzi akanirushia ujumbe usiku: "Mjomba soma hii, tumedanganywa tangu utoto." Chini yake orodha ndefu, mnaijua, imeshapita kwenye kila simu ya nchi hii. Horus, mungu wa Misri ya kale, alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba. Alibatizwa na Anup Mbatizaji. Alikuwa na wanafunzi 12. Alisulubiwa, akafufuka siku ya tatu. Mithras, mungu aliyeabudiwa na Warumi, naye hivyo hivyo. Easter, yaani Pasaka kwa Kiingereza, ni Ishtar, mungu wa kike wa Babeli. Kijana hajakanyaga kanisani tangu siku ile, na mama yake analia mpaka leo.

Nikaupeleka ujumbe ule kwenye kikundi chetu cha Biblia, nikauliza kwa adabu kabisa: mchungaji, hili tulijibuje? Akanitazama kama nimeingia na mbuzi. Akasema Shetani alijua Yesu atakuja, akawahi kumuiga, na anayechimba mambo hayo ana roho ya uasi. Jumapili iliyofuata nikaambiwa nipumzike kufundisha watoto "mpaka nitakapokaa sawa kiroho". Miaka tisa nimefundisha wale watoto.

Basi nikaamua kusoma mwenyewe. Na nilichokikuta ndicho kimenipandisha hasira hivi.

Nianze na nyie wa Horus. Nani kati yenu amewahi kutafuta hiyo habari kwa Wamisri wenyewe? Kwenye hekalu la Farao Seti I kule Abydos imechongwa ukutani: Isis, mama yake Horus, amejigeuza mwewe, anaelea juu ya maiti ya mumewe Osiris aliyeuawa na nduguye Seth, na hapo ndipo mimba ya Horus inapotungwa. Mjane na maiti ya mume. Huyo ndiye bikira wenu? Wanafunzi 12 hawapo. Wapo wana wanne wa Horus, wale wanaolinda mitungi ya matumbo ya maiti. Msalaba haupo. Horus akiwa mtoto aliumwa na nge akaponywa, habari ya kuuawa imeishia hapo. Yule "Anup Mbatizaji" katoka kwenye kalamu ya Gerald Massey, mshairi wa Kiingereza aliyekufa mwaka 1907, na lile zogo la waokozi waliosulubiwa lilishavumishwa na Mmarekani Kersey Graves mwaka 1875. Mnajiita mmeamka, mmejivua ukoloni wa fikra, halafu maandiko yenu matakatifu ni ya wazungu wawili wa enzi ya Malkia Victoria. Aibu.

La kuuma zaidi ni kwamba ukweli upo, na ni mtamu kuliko huo uongo. Sanamu za Isis akimnyonyesha mwanawe zilikuwepo karne nyingi kabla ya Mkristo yeyote kuchora Maria akimnyonyesha Yesu, na hekalu lake la Philae lilifungwa karne ya 6 tu, chini ya Kaisari Justinian. Mkristo wa Misri aliiona picha ile sokoni na kwenye nyumba ya jirani. Au chukueni ankh, ule msalaba wenye kitanzi juu, alama ya uhai. Mwaka 391 hekalu la Serapis, mungu wa wapagani, pale Aleksandria linabomolewa. Mwanahistoria wa Kanisa, Socrates, anasimulia kwamba kwenye mawe yake zilikutwa alama zenye umbo la msalaba. Ugomvi ukazuka palepale kwenye kifusi: Wakristo wanasema hii yetu, wapagani wanasema hii ni ya Serapis pia. Wakatokea wapagani walioongoka waliojua kusoma maandishi yale ya kale, wakasema maana yake ni uzima ujao. Wakristo wakashangilia, na baadhi ya wapagani wakabatizwa kwa sababu hiyo. Hii habari kaiandika Mkristo, bila kuona haya. Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, wakaichukua ankh wakaitia kwenye nguo na makaburi yao. Mbona hii hamuirushi kwenye magrupu? Kwa sababu inataka kusoma.

Mithras ndiyo kabisa. Kwenye michoro yake anatoka kwenye mwamba akiwa mtu mzima, kisu mkono mmoja, mwenge mwingine. Labda mwamba ulikuwa bikira, sijui. Wale "wanafunzi 12" ni alama za nyota zinazozunguka picha ya kuchinja ng'ombe. Lakini nenda kwa Justin, yule mfiadini, aliyeandika katikati ya karne ya 2: anasema waziwazi kwamba kwenye ibada za Mithras kuna mkate na kikombe cha maji vinavyoombewa, na kwamba mashetani ndio walioiga Ekaristi. Mkristo wa mwanzo kabisa analalamika mwenyewe kwamba vinafanana!

Hapa ndipo ninapomgeukia mchungaji wangu, maana najua kuna watu wa usharika wamo humu watamfikishia. Baba mchungaji, lile jibu lako la Shetani kuiga si ufunuo uliokushukia usiku. Ni la Justin huyo huyo. Tofauti ni kwamba yeye aliliandika akimwelekezea Kaisari Antoninus Pius, akataja mambo yanayofanana moja baada ya jingine, tena akaongeza kwamba tukisema Kristo alizaliwa, akafa, akapaa, hatusemi kitu kigeni mbele ya watu wanaowasimulia wana wa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki. Hakumwambia Kaisari apumzike mpaka akae sawa kiroho.

Tarehe 25 Desemba, najua mnaisubiri. Kwenye kalenda moja ya Roma ya mwaka 354, siku hiyo imeandikwa kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", ambaye wengi wanamsoma kuwa ni mungu jua, pamoja na mashindano 30 ya magari ya farasi. Kwenye kitabu hicho hicho, katika orodha ya sikukuu za Kanisa, siku hiyo hiyo, Kristo kazaliwa Bethlehemu ya Yudea. Kaisari Aurelian alimjengea jua hekalu Roma mwaka 274. Upande wa pili, tayari kina Tertullian, mwandishi Mkristo wa mwanzo, walikuwa wanasema Yesu alikufa 25 Machi, na wapo walioamini kwamba alitungwa mimba siku ileile. Ongeza miezi tisa uone unafika wapi. Wasomi wanavutana. Mimi naona mahesabu yalikuwepo na jua nalo lilikuwepo, na anayetaka kuliondoa jua kabisa aende akamweleze Papa Leo Mkuu. Huyu karne ya 5 aliwakemea hadharani waumini waliokuwa wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, kisha wakageuka kulisujudia jua linalochomoza, ndipo waingie kusali. Chini ya kanisa hilo hilo kuna kaburi lenye mozaiki ya mtu mwenye miale kichwani akiendesha farasi wa jua, na wengi wanamtambua kuwa ni Kristo. Ukimwambia hivyo mchungaji wangu atakutoa pepo.

Mnaoshabikia Wagnostiki, yale makundi ya karne za mwanzo yaliyodai kuwa na maarifa ya siri ya wokovu, nanyi sogeeni. Kila wiki nasoma humu "injili zilizofichwa na Vatikani". Zilifichwa na nani? Zilifukiwa ndani ya mtungi karibu na Nag Hammadi, Misri ya juu, zikafukuliwa na wanakijiji mwaka 1945, vitabu 13 vyenye maandiko zaidi ya 50. Vipo makumbusho ya Kikopti, Kairo, na tafsiri kamili ya Kiingereza ilitoka 1977. Ni nyinyi tu hamjafungua. Mngefungua mngekuta kwamba Mungu aliyeumba dunia, kwa wengi wao, ni kiumbe mjinga anayeitwa Yaldabaoth, mwenye uso wa simba, anayejitapa kwamba hakuna mungu mwingine kwa vile hajui walio juu yake. Mwili na udongo ni kosa lililotokea. Mtu anayehubiri "turudi kwenye asili, ardhi ni mama yetu" anawezaje kuwa shabiki wa hawa? Na akina dada mnaoambiwa Wagnostiki waliheshimu wanawake, someni neno la 114, la mwisho kabisa, kwenye Injili ya Tomaso. Petro anataka Mariamu atoke kwa kuwa wanawake hawastahili uzima, na jibu la Yesu ni kwamba atamwongoza awe mwanamume. Kazi kwenu.

Kumbe la kusema juu ya Wagnostiki lipo, tena zuri. Clement wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa, mnamo mwaka 200, anaorodhesha tarehe ambazo watu walidhani Yesu alizaliwa. 25 Desemba haimo. Ila anawataja wafuasi wa Basilides, mwalimu wa Kignostiki, wakikesha na kusherehekea ubatizo wa Yesu kwa tarehe inayoangukia Januari, na baadhi yao kwa hesabu yetu ni tarehe 6. Epifania! Sikukuu ambayo nusu ya humu mnaisali, watu wa kwanza kuandikwa wakiiadhimisha ni wazushi. Sijawahi kuona mtu akilirusha hili.

La Easter na Ishtar nalipitia haraka maana linanitia kichefuchefu. Sisi tunasema Pasaka. PASAKA. Linatoka kwa Waebrania, Pesakh yao ya kutoka Misri. Mbishi wa Kiswahili anapigania neno la Kiingereza ambalo hata bibi yake hakuwahi kulitamka. Halafu anahamia "Sunday ni siku ya jua". Ndugu yangu, ni Jumapili, na tumeihesabu kuanzia Ijumaa ya Waislamu, ndiyo maana Jumamosi ni ya kwanza. (Wasabato, tulieni, sijawaita.)

Nimalizie na lililonifanya nifungue uzi. Desemba iliyopita tulipanda Moshi kama Wachagga wote. Mchungaji akaalikwa kubariki nyumba mpya ya kaka. Akafika, akaona masale yaliyozunguka kaburi la babu, akaamuru yang'olewe kwa kuwa ni upagani. Masale, majani ambayo mkosaji akikuletea huwezi kukataa kumsamehe! Vijana wakayang'oa, wakayachoma. Kisha tukaingia sebuleni kuomba, na nyuma ya mgongo wake mti wa plastiki wa Krismasi unawaka taa nyekundu na kijani, desturi ya Wajerumani isiyo na hata mstari mmoja kwenye Biblia. Sala ikafungwa kwa Kichagga, Mungu akaitwa Ruwa, jina ambalo wahenga walimwita nalo kabla mmisionari wa kwanza hajafika, na ambalo ndilo hilo hilo la jua. Mchungaji akajibu "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Paulo alipofika Athene hakung'oa kitu. Alinukuu shairi la Mgiriki Aratus juu ya Zeus, "sisi sote tu wazao wake", likaingia kwenye Matendo 17 na tunalisoma madhabahuni.

Kwa hiyo. Anayekuja na Horus wa 25 Desemba aje na hekalu na ukuta ilipochongwa habari hiyo, si screenshot. Anayekuja na "roho ya uasi" anijibu kwanza nani atapanda upya masale ya babu, maana mvua za Machi hizi hapa na kaburi liko wazi.