Antena ya kujitengenezea kwa runinga ya dijitali: je, itafaa nyumba iliyo nyuma ya kilima?

MkaziWaMbale aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Mbale, kaunti ya Vihiga. Nina jambo linalonisumbua kwa wiki mbili sasa, na namwomba yeyote aliyewahi kutengeneza antena kwa mikono yake anisaidie.

Mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka wa 2015 nilikuwa nikifanya kazi Nakuru, na huko nilitumia king'amuzi cha kulipia kila mwezi. Sasa nimerudi nyumbani kwa mama, na sioni kwa nini nilipie stesheni ambazo hutangazwa bure. Nilinunua king'amuzi kisicho na ada, cha mfumo wa DVB-T2 (ule wa matangazo ya dijitali yanayorushwa kutoka minarani), nikakiunganisha na antena aliyoiacha marehemu baba juu ya paa, ile yenye vyuma virefu kuliko mkono wa mtu mzima. King'amuzi kilipekua masafa yote, kikamaliza, kisha kikaniarifu kwamba hakikupata stesheni hata moja. Nikaenda sokoni nikauziwa antena ndogo ya mezani, ambayo muuzaji aliisifu sana kwamba ni "ya dijitali kabisa". Hiyo ilinasa stesheni chache, lakini jioni, saa ile ya habari, sauti hukatika na uso wa mtangazaji hugawanyika vipande vipande vya mraba, kisha picha ikaganda.

Nyumba ni ya mabati na imekaa mteremkoni. Upande wa kusini magharibi kuna mwamba mkubwa (sisi wa Maragoli hatukosi jiwe uani) na safu ya mikalitusi ya jirani. Nimesikia kwamba mtu anaweza kutengeneza antena kwa waya wa umeme na sinia kuukuu. Je, jambo hili ni la kweli, au ni mchezo wa watoto? Na je, antena ya dijitali hutofautiana vipi na ya analogi? Mama hataki mengi, anataka habari za saa moja tu, na amechoka kuniona nikipanda na kushuka ngazi.

Mstaafu_Bungoma alijibu:

Ndugu wa Mbale, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu fedha. Hakuna antena ya dijitali. Antena ni chuma kinachonasa mawimbi, nacho hakijui iwapo mawimbi hayo yamebeba picha ya analogi au ya dijitali. Kazi ya kuyafasiri ni ya king'amuzi, au ya runinga yenyewe ikiwa imeundwa na DVB-T2 ndani yake. Kinachobadilika ni masafa. Matangazo ya dijitali hapa kwetu hurushwa katika masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu, na mawimbi yake ni mafupi, kama nusu mita hivi. Antena ya marehemu baba yako, kwa jinsi unavyoieleza, ilikuwa ya VHF, ambayo mawimbi yake ni marefu zaidi, ndiyo maana vyuma vyake ni virefu. Usiitupe, bomba lake litakufaa kuwa mlingoti.

Mwezi wa Februari 2015, kampuni tatu kubwa za utangazaji zilipokosa kuonekana hewani kwa karibu majuma matatu kwa sababu ya mvutano wao na serikali kuhusu kuhama kutoka analogi kwenda dijitali, mtaani kwetu watu walizinunua hizo "antena za dijitali" kwa pupa, wakidhani kwamba kosa lilikuwa juu ya paa zao. Hata antena ya dhahabu isingenasa stesheni ambayo hairushwi.

FundiWaKondele alijibu:

Mzee wa Bungoma amesema kweli. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Kisumu, na antena unayoulizia nimeitengeneza mara nyingi, kwa hiyo nitaieleza jinsi ninavyoifanya.

Tafuta waya wa shaba usiosukwa, ule mmoja mnene ambao mafundi wa nyumba huutumia kwenye soketi, wa milimita mraba 2.5. Kata sentimita 104. Weka alama kila baada ya sentimita 13, utapata alama saba, kisha pinda katika kila alama kwa pembe mraba, ukihakikisha kwamba alama ya nne, iliyo katikati kabisa ya waya, unaipinda kinyume na zile nyingine. Ukimaliza utakuwa na miraba miwili iliyosimama kwa ncha zake, mmoja juu ya mwingine, mfano wa tarakimu 8. Ncha mbili za waya zitakutana katikati, mkabala na ile alama ya nne. Ziunganishe ncha hizo kwa risasi ya kulehemu, na uache nafasi ya sentimita moja kati yake na pembe inayozitazama. Pembe hizo mbili zisigusane kamwe.

Vipimo hivi havikutoka hewani. Urefu wa wimbi la megahezi 580, ambayo ni kama katikati ya masafa yanayotumika, ni karibu sentimita 52, na kila upande wa mraba unapaswa kuwa robo ya wimbi, yaani 13. Ukikosea kwa milimita mbili tatu hakuna atakayekuuliza, ila ukikosea kwa sentimita nne utakuwa umetengeneza antena ya kitu kingine.

Sasa kebo. Nunua kebo ya runinga iitwayo RG6, ya omu 75, na usikubali ile nyembamba yenye wavu wa nyuzi chache, kwa maana kile antena ilichokinasa juu hupotea njiani kabla ya kufika sebuleni. Waya wa katikati wa kebo uunganishe na pembe moja, na wavu wa nje uunganishe na pembe ya pili. Hapa ndipo wengi huharibu. Unywele mmoja wa ule wavu ukijipinda na kuugusa waya wa katikati, hutapata chochote, na utailaumu antena bure. Mimi huusokota wavu wote kama mkia, nikaulehemu, kisha nikatazama kwa miwani kabla ya kufunga.

Nyuma ya ule waya huwekwa kitu bapa cha chuma cha kurudisha mawimbi mbele, na sinia lako la alumini linafaa sana, mradi lifike sentimita 45 hivi. Wavu wa kuku uliokazwa kwenye fremu ya mbao pia unafaa, na upepo hausumbuani nao sana. Umbali kati ya waya na sinia uwe kama sentimita sita na nusu. Tumia vipande vya bomba la plastiki, kwa sababu chuma hakitakiwi hapo. Tazama antena za majirani: ikiwa vijiti vyao vimelala sambamba na ardhi, isimamishe yako kama 8. Ikiwa vijiti vyao vimesimama wima, basi ilaze ile 8 ubavu. Ukiipuuza hatua hii, utapoteza sehemu kubwa ya mawimbi ingawa kila kitu kingine umekifanya sawasawa.

Kuhusu picha kuganda jioni, antena ya mezani iko chini ya mabati, nayo mabati huyazuia mawimbi, na zaidi ya hayo jioni balbu za bei ya chini na chaja za simu zote zimewashwa na hutoa kelele za umeme. Katika analogi kelele ungeiona kama chengachenga na bado ungefuata habari. Dijitali haina huruma hiyo: picha huwa safi mpaka mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, kisha inavunjika mara moja. Kwa hiyo unapoielekeza antena usitazame picha. Fungua ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, ufuate ule wa ubora. Geuza antena kidogo, ngoja sekunde tano, geuza tena. Mtu anayezungusha antena kwa haraka kama anayekoroga ugali huipita sehemu nzuri bila kujua.

Jambo lingine: masafa mamoja hubeba stesheni nyingi kwa pamoja. Zikipotea zote za kundi moja na nyingine zikabaki, usitafute stesheni moja moja, tafuta masafa ya kundi lile. Chaneli namba 21 iko megahezi 474, na kila namba inayofuata huongeza 8, hadi namba 48 iliyo 690.

MamaWaSubukia alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya fundi, ila naomba nimtahadharishe huyu ndugu asije akakata tamaa. Sisi tuko Subukia, bondeni, na kati yetu na upande wa Nakuru kuna ukuta wa mlima. Mume wangu alitengeneza antena ya aina hiyo hiyo, akaipima kwa rula ya watoto, ikapendeza kweli. Nyumbani haikunasa kitu. Aliipeleka kwa dada yake anayeishi Lanet, upande wa Nakuru, ikanasa stesheni zote ikiwa imeegemezwa dirishani. Antena haikuwa na kosa. Mlima ndio uliokataa. Mawimbi ya UHF husafiri kwa kunyooka, na hayapindi juu ya kilima kama yalivyopinda kidogo yale marefu ya zamani.

Mwishowe tulinunua dishi la stesheni za bure za setilaiti. Dishi halijali mlima kwa sababu hutazama juu, na sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta tunalielekeza juu angani kuliko wenzetu wa mbali. Lakini king'amuzi chake ni kingine, kwa hiyo kwanza jaribu antena kabla ya kutoa fedha. Na usimsikilize mtu atakayekuuzia kiongeza nguvu kabla hujaipandisha antena. Kifaa hicho hukuza kilichopo, pamoja na kelele.

MkaziWaMbale aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimetengeneza. Sinia mama alilitoa kwa shingo upande. Nimeifunga antena kwenye bomba la baba, na majirani wote wameelekeza zao upande wa Kisumu, vijiti vimelala, nami nikaisimamisha kama 8. Lakini nilipowasha king'amuzi kilileta maandishi kwamba antena imepiga shoti. Nimefungua pale katikati mara tatu, nikapima kwa mita ya kupimia nyaya, na kweli waya wa katikati na wavu vinaonyesha vimeungana, ingawa hakuna unywele uliogusana. Nimekosea wapi?

FundiWaKondele alijibu:

Hukukosea, na kosa ni langu kwa kutokutaja. Ukiufuata ule waya kwa kidole kutoka pembe moja, utazunguka na kufika pembe ya pili, kwa sababu ni waya mmoja usiokatika. Kwa hiyo mita lazima ionyeshe vimeungana. Kwa mawimbi hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba king'amuzi chako kimewekwa kupeleka umeme wa volti 5 kwenye antena, kwa ajili ya zile zenye kiongeza nguvu ndani, kama hiyo ya mezani. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya umeme wa antena, uuzime. Kisha upekue upya.

Na kwa kuwa uko Vihiga, ambako radi si mgeni, liunganishe bomba na ardhi kwa waya mnene na fimbo ya chuma, na ung'oe kebo kutoka kwenye king'amuzi wingu linapotanda. Kebo ipinde kidogo kuelekea chini kabla haijaingia ukutani, maji yadondokee nje yasiifuate hadi sebuleni.

Mstaafu_Bungoma alijibu:

Na mikalitusi hiyo nayo usiisahau. Majani yaliyolowa hunyonya mawimbi. Ukipata picha nzuri wakati wa jua na mbaya baada ya mvua, usiifungue antena, uhame mahali.

MkaziWaMbale aliandika:

Niliuzima umeme wa antena na yale maandishi yakatoweka. Juu ya paa mstari wa ubora ulifika nusu na kushuka, kwa sababu mwamba ulikuwa mbele moja kwa moja. Jana nililing'oa bomba, nikalihamisha hatua kumi na mbili hadi kwenye kona ya zizi, ambapo mwamba unaachia upenyo kati yake na mti wa mwisho, nikaongeza kebo kwa kipande kimoja kizima badala ya kuunga. Makundi mawili yameingia na hayajaganda tangu jana mchana, na mama ametazama habari zake mpaka mwisho. Kundi la tatu ubora wake hucheza, hasa jioni ya leo baada ya mvua, kama mzee alivyosema. Jirani ameahidi kukata tawi moja Jumamosi, kisha nitapima tena.