Kikundi cha Waombezi: Jinsi Tunavyopokea Mahitaji ya Watu

Katibu wa Maombi: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kama tulivyopatana baada ya ibada, naomba jioni hii tuzungumze jambo moja tu, nalo ni namna tunavyopokea mahitaji ya watu, namna tunavyoyafikisha kwa waombezi wengine, na namna tunavyoyafuatilia tukishayaombea. Mengine huja kwa karatasi za kwenye sanduku, mengine kwa simu, na mengine mtu hukushika mkono mlangoni, akakunong'oneza na kuondoka haraka. Kila mmoja wetu ana utaratibu wake, na huo ndio ugumu wenyewe. Karibuni.

Mama Neema: Amina, Katibu. Mimi naanza na linaloniuma. Kuna dada mmoja, ambaye sitamtaja, aliyeniambia kwamba hatapeleka tena hitaji lake kwa waombezi wowote. Zamani, akiwa katika kusanyiko jingine, alimweleza mwombezi habari za ndoa yake, na haukupita muda akasimamishwa njiani na mtu asiyemfahamu vizuri, akapewa pole kwa jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Huenda kila aliyelipokea alilipeleka kwa mwenzake kwa nia njema kabisa, ili naye aombe. Lakini mtu akishavuliwa nguo hadharani, hafarijiki kwa kuambiwa kwamba waliomvua walikuwa wakimwombea. Rai yangu ni kwamba hitaji ni mali ya aliyelileta. Sisi tumeazimwa tu, na kitu cha kuazimwa hakitolewi kwa mtu wa tatu bila mwenyewe kuulizwa.

Dada Rehema: Naunga mkono, Mama. Katika kazi yangu ya uuguzi hatuzungumzi habari za mgonjwa na mtu asiyemhudumia, hata kama ni ndugu yake. Sioni kwa nini huduma ya maombi iwe na kiwango cha chini kuliko wodi.

Kaka Daudi: Shikamoo Mzee Elia, shikamoo Mama Neema. Nakubaliana na yaliyosemwa, ila nina swali linalonisumbua kwa dhati. Tukificha kila kitu, mwombezi ataomba kwa mzigo gani? Nikiambiwa tu kwamba tumwombee dada fulani, naomba dakika moja na maneno yananiishia. Nikijua anachopitia, nakesha. Nahofia tukizidi kuwa waangalifu tutabaki na orodha ya majina yasiyomgusa mtu.

Mzee Elia: Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la haki na sipendi lipitwe juujuu. Nakukumbusha Martha na Maria, katika Yohana sura ya 11, walipopeleka ujumbe kwa Bwana kuhusu Lazaro. Hawakutaja jina la ugonjwa, hawakueleza ulianza lini, wala hawakumwelekeza la kufanya. Walisema tu kwamba yule ampendaye hawezi. Mzigo wa ujumbe ule haukuwa katika maelezo, ulikuwa katika upendo. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba alikuwa na mwiba katika mwili na kwamba alimsihi Bwana mara tatu umwondoke. Hadi leo wafasiri wanabishana mwiba huo ulikuwa nini, kwa sababu yeye mwenyewe hakuutaja. Ikiwa mtume aliruhusiwa kuombea jambo lake bila kulitaja, basi na mama mjane anayekaa benchi la nyuma ana ruhusa hiyo hiyo. Kwa hiyo, Daudi, maneno yakikuishia, mwombe Mungu akupe kumpenda yule dada zaidi, badala ya kutuomba sisi tukupe habari zaidi.

Kaka Daudi: Nimekuelewa, Mzee. Hata hivyo naona kuna mahitaji ambayo bila maelezo kidogo hatuwezi kumsaidia mtu kwa vitendo.

Katibu wa Maombi: Hapo ndipo nilipokusudia tufike. Napendekeza tusiamue sisi. Tumwulize mwenye hitaji. Karatasi yetu sasa ina mistari miwili tu, jina na hitaji. Tuongeze swali moja: ungependa hitaji hili liombewe na nani? Anaweza kuchagua lisomwe mbele ya kanisa lote, liletwe katika kikundi hiki pekee, au libaki kwa mchungaji na mtu mmoja atakayemchagua mwenyewe. Asipochagua, tutachukua kwamba amechagua njia ya siri zaidi, mpaka tumwulize. Na jina lisiwe la lazima.

Nitoe mfano niliotunga mwenyewe, ili tuone kazi ilivyo. Tuseme ameandika hivi: "Mniombee. Mume wangu hana kazi tangu mwaka jana, ameanza kunywa, watoto wamerudishwa kwa kukosa ada, na juzi alinipiga." Amechagua kikundi hiki, na kwamba jina lake lisitajwe. Mimi ningeleta kwenu maneno haya: "Tuiombee familia moja iliyo katika shida ya kipato na kukosa amani nyumbani. Tumwombe Mungu awape riziki, ulinzi na watu wema wa kuwashika mkono." Hakuna neno la uongo hapo, hitaji ni lile lile, na hakuna atakayeanza kuhesabu ni mume wa nani aliyeachishwa kazi mwaka jana.

Mama Neema: Umeandika vizuri. Ningeongeza kwamba, kabla hujaleta hata hayo, umsomee mwenyewe kwanza. Wakati mwingine jambo tunaloliona dogo ndilo analoogopa lijulikane.

Dada Rehema: Katibu, naomba tusilipite neno la mwisho la mfano wako. Mtu akisema amepigwa, hitaji hilo halimaliziki kwa kuombewa. Lazima mtu mmoja aliyeandaliwa, hasa mwanamke, azungumze naye faragha siku hiyo hiyo na kumwuliza kama yuko salama usiku huu, kama watoto wako salama, na kama ana mahali pa kwenda. Tena, nasisitiza kwa nguvu zote, mtu yeyote asimwendee mume ili kuwapatanisha bila mwanamke huyo mwenyewe kukubali. Mume akijua kwamba mkewe amesema, hatari inaweza kuongezeka saa ile ile.

Yapo pia mambo ambayo hatuna haki ya kuahidi kwamba yatabaki siri. Tukisikia kwamba mtoto anadhuriwa, tunawajibika kulifikisha kwa mamlaka zinazohusika, na anayetusimulia aambiwe hivyo mapema, kabla hajamaliza kusimulia. Mtu akiandika kwamba amechoka kuishi, tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kuuliza wakidhani swali litampa wazo hilo, lakini sivyo. Mara nyingi kuulizwa humpa nafasi ya kupumua. Asiachwe peke yake, na asindikizwe kwa mtaalamu. Tutaendelea kuomba tukiwa njiani.

Mzee Elia: Amina, binti yangu. Hili liandikwe na lisomwe kwa kila mwombezi mpya.

Dada Rehema: Nina la mwisho katika upande huu, Mzee. Tunapomwombea mgonjwa, tusimwambie aache dawa wala asiende kliniki kwa madai kwamba imani imetosha. Yakobo katika sura ya 5 anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Hasemi wamfukuze tabibu. Luka mwenyewe aliitwa tabibu mpendwa katika Waraka kwa Wakolosai.

Kaka Daudi: Kwa upande wa simu, ambao ndio ninaouelewa, naomba mzingatie mambo ambayo hatuyafikirii. Ujumbe wa kikundi chetu cha simu huonekana juu ya kioo hata kama simu imefungwa, kwa hiyo mtoto au jirani anausoma simu ikiwa mezani. Tuzime onyesho hilo kwa kikundi hiki. Mtu akitoka katika kikundi, ujumbe wa zamani unaweza kubaki katika simu yake. Picha ya skrini haizuiliki. Kwa hiyo jambo ambalo mwenyewe hataki litoke lisiandikwe hapa kabisa, hata kwa kifupisho cha jina, bali lisemwe kwa mdomo.

Liko na jingine zito zaidi. Ibada zetu sasa zinarushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Anayeongoza maombi akisema kwenye kipaza sauti kwamba ndugu fulani amelazwa kwa upasuaji, ameutangazia ulimwengu, na rekodi inabaki. Mgonjwa aliyekubali kuombewa mbele ya watu anaowajua hajakubali hilo. Nashauri majina yasitajwe wakati kamera inarusha, au urushaji usimamishwe kipindi hicho.

Mama Neema: Hilo la kamera sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Asante, mwanangu.

Katibu wa Maombi: Tuje kwenye kipindi chenyewe cha maombi. Naona saa nzima tunaitumia kuelezana mahitaji, kisha tunaomba dakika chache tukiwa tumechoka.

Mzee Elia: Yupo mtu aliyelitatua hilo zamani. Jeremiah Lanphier alianzisha maombi ya saa sita mchana jijini New York, tarehe 23 Septemba 1857. Nusu saa ya kwanza alikuwa peke yake, na hadi mwisho walikuwa watu 6 tu, lakini baada ya miezi michache vikundi kama hicho vilikuwa vimejaa jijini na katika miji mingine ya Marekani. Kanuni yao ilikuwa kwamba mtu asizidishe dakika 5, awe anaomba au anasema, na hoja za mabishano hazikuruhusiwa. Mtu aliyetoka kazini alijua kwamba akiingia hapo ataomba kweli, hatakaa kusikiliza hotuba. Nasi tusome mahitaji kwa ufupi na tupige magoti mara moja.

Na kwa kuwa mmenipa nafasi, niseme pia juu ya zamu. Mwaka 1727 Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walipatana wanaume 24 na wanawake 24, kila mmoja ashike saa yake ya kuomba, ili siku nzima isiwe na saa tupu. Mnyororo huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 100, na katika miaka hiyo walituma wamishenari mbali kuliko makanisa mengi makubwa. Walianza wakiwa wakimbizi wachache, kijijini, na wenyewe kwa wenyewe walikuwa wametoka katika ugomvi mkali.

Kaka Daudi: Mzee, sisi hatufiki hata nusu ya hao.

Mzee Elia: Basi tuanze na nusu saa moja kwa juma kwa kila mtu, iliyoandikwa na kujulikana. Mtu mwaminifu katika nusu saa yake ananitosha kuliko ahadi ya mkesha isiyotimizwa.

Mama Neema: Mimi nachukua Jumanne alfajiri. Lakini bado hatujagusa ufuatiliaji, na kwangu huo ndio moyo wa huduma. Mtu anatoa hitaji lake kwa machozi, tunasema tutakuombea, kisha kimya. George Müller, aliyelea yatima kule Bristol, aliandika aliyoyaomba na namna yalivyojibiwa, na maandishi yake yamewatia watu moyo tangu karne ya 19. Nasi tuwe na daftari moja, lililofungiwa, lenye tarehe ya hitaji, ruhusa aliyotoa mwenyewe, na tarehe ya kumpigia simu. Baada ya majuma mawili mtu amwulize, kwa upole, hali ikoje na kama angependa tuendelee. Akisema imetosha, tunaacha, wala hatudai sababu.

Jambo likijibiwa, ushuhuda ni wake. Asisukumwe kusimama mbele kwa sababu sisi tunataka kushangilia.

Dada Rehema: Na lisipojibiwa kama tulivyotaka? Tumewahi kumwombea mgonjwa kwa kufunga, akafariki, na kesho yake jina likafutwa kwenye orodha kana kwamba kazi imekwisha. Familia iliona.

Mzee Elia: Jina lisifutwe. Libadilishwe liwe la wafiwa, nao waendelee kuombewa na kutembelewa, hasa matanga yakishavunjwa na watu wakisharudi makwao. Na asiwepo hata mtu mmoja wa kuwaambia kwamba imani yao ilipungua. Paulo aliomba mara tatu, naye hakuondolewa mwiba; alipewa neema ya kuuchukua. Nani atasema imani yake ilikuwa haba?

Katibu wa Maombi: Amina. Basi Kaka Daudi ataandaa karatasi mpya yenye swali la ruhusa, Dada Rehema na Mama Neema wataandika mambo ambayo hatuwezi kuyaweka siri, na mimi nitanunua daftari. Mchungaji atayapitia yote kabla hatujaanza.

Mama Neema: Nami naomba tukuombee wewe, Katibu. Anayebeba siri za watu wengi naye huelemewa, na hana wa kumwambia.

Katibu wa Maombi: Nashukuru sana, Mama. Niombeeni nisizoee. Nikisoma karatasi ya kumi kwa siku, naogopa kuisoma kama hesabu. Naruhusu hitaji hili lifike kwa kanisa lote.

Kaka Daudi: Limepokelewa, Katibu. Nimeliandika kwa Jumatano, na nusu saa yangu ni Alhamisi saa tatu usiku. Karatasi nitawaletea Jumatano hiyo hiyo kabla ya kipindi, mnisahihishe.